Usingizi ulioliwa na foleni: kisa cha dereva mpya wa njia ya Kongo

Saa kumi alfajiri, dereva huyo akiwa anarudi Dar, ameshapita Chimala mkoani Mbeya na hajafika Igawa, tairi za kushoto za kichwa cha lori lake zilitoka kwenye lami. Hakusikia zikitoka. Alichosikia ni kokoto zikigonga chini ya gari mfululizo, kama mtu anamwaga mahindi juu ya bati. Alipofumbua macho ndipo alipojua kwamba yalikuwa yamefumba. Taa zilikuwa zinamulika majani. Hakukata usukani kwa hofu. Aliushika, akaachia mafuta, akalirudisha gari taratibu, akasogea mpaka penye nafasi ya kuegesha, akawasha taa za tahadhari, akashuka. Alikaa kwenye ngazi ya kichwa mpaka kukapambazuka. Saa kumi na mbili na nusu simu yangu ikaita.

"Shikamoo mzee. Mimi naona hii kazi basi."

Tela lilikuwa tupu, hakuna aliyeumia, na hata rangi ya gari haikukwaruzika. Kwa hesabu za ofisi hilo si tukio. Kwangu mimi ni tukio kubwa kuliko ajali nyingi nilizowahi kusimuliwa, kwa sababu aliyelipitia yu hai na aliweza kunieleza saa kwa saa lilivyojengeka. Nimeendesha semi, yaani lori la kichwa na tela, njia ya Zambia na Kongo miaka 16, na sasa nawafundisha madereva wapya katika kampuni moja ya usafirishaji Dar es Salaam. Kijana mwenyewe ameniruhusu niandike, ila jina lake na la kampuni nimeyaacha.

Waliosikia habari hii pale yadi walisema neno moja tu: dogo hana moyo wa barabara. Nilikaa naye siku mbili, tukarudi nyuma mpaka siku aliyotoka Dar, na sikubaliani nao hata kidogo.

Kuendesha anajua

Ana miaka 27, mtu wa Morogoro, leseni yake daraja E. Kabla ya kuja kwetu aliendesha Fuso miaka miwili, akibeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Dar. Safari ya kwanza ya semi alipewa mzee mmoja amwonyeshe njia, ya pili akapewa gari lake. Kisa hiki ni cha safari ya tatu, mwezi wa tatu wa kazi.

Nilimshuhudia mwenyewe akirudi na shaba safari ya pili. Nilipandia Iringa nikakaa kiti cha pembeni, nikitaka kuona atakavyoshuka Kitonga akiwa na karibu tani 30 mgongoni. Barabara ile imechongwa ubavuni mwa mlima, kona kwa kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Kabla ya kona ya kwanza alisimama, akashuka na nyundo, akagonga tairi moja moja akisikiliza mlio, kisha akainama kusikiliza kama kuna upepo unavuja kwenye breki. Aliingiza gia ndogo akiwa bado juu, akaiacha breki ya injini ifanye kazi. Mguu wake alikuwa anaugusisha kwa vipindi: anakanyaga, mwendo unashuka, anaachia kabisa ngoma za breki zipoe, halafu tena. Hakulalia breki hata mara moja. Tulipofika chini nikashuka nikasogeza kiganja karibu na ngoma za tela. Joto lilikuwepo, harufu hapana. Wapo madereva wa miaka kumi wanaofika pale magurudumu yakinuka.

Kwa hiyo tunaposema "hana uzoefu" tuseme hana uzoefu wa nini. Gari analimudu. Kwenye mizani hanipi wasiwasi: anajua gari la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, mwisho ni tani 56, na anajua mzigo ukihama nyuma kidogo uzito wa jumla utakuwa sawa lakini ekseli moja itazidi. Nyaraka zake huziweka kwenye mfuko wa plastiki ulionyooka kama sare ya mwanafunzi.

Usiku 18

Safari ya tatu alibeba salfa kwenda Kolwezi, mji wa migodi Kongo. Kutoka Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, kilomita kama 930, alitumia siku mbili, vizuri kabisa. Tunduma alikaa foleni usiku mbili. Zambia akaikata kwa siku mbili: Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, kisha mkoa wa migodi wa Copperbelt hadi mpakani. Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, akakaa usiku nne. Akaingia Kongo, akasafiri siku moja, akasubiri kushusha kwenye geti la mgodi usiku tatu. Akarudi tupu, Kasumbalesa tena usiku mmoja, Zambia siku mbili. Jioni ya siku ya 19 akawa Tunduma.

Nilimpa karatasi na kalamu nikamwambia aandike, kwa kadiri anavyokumbuka, alilala lini na aliamshwa na nini. Alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu simu yake ilikuwa na meseji na picha za kila usiku. Nauweka hapa usiku wa pili wa Kasumbalesa kama alivyouandika: "Saa 5 hadi 6 na robo, foleni imesogea. Saa 8 hadi 8 na dakika 40, foleni. Saa 10 hadi 11, mlinzi amegonga mlango." Ukijumlisha haifiki saa tatu, tena vipande vitatu. Tukaendelea usiku kwa usiku. Kati ya usiku 18, kumi aliupitisha kwenye foleni au getini. Katika usiku huo kumi, usingizi wake mrefu kuliko wote usiokatwa ulikuwa wa saa mbili na nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona safari yake kwa jicho jingine. Sisi wote, ofisi na sisi wakongwe, tunaihesabu foleni kama mapumziko. Kwenye kompyuta ya ofisi inaonekana gari limesimama, basi dereva amepumzika. Hakuna pahali anapochoka dereva mpya kama kwenye gari lililosimama.

Ambaye hajawahi kukaa foleni ya mpakani anaweza kudhani ni mstari unaosogea mchana na kulala usiku. Haiendi hivyo. Inaweza kutulia saa sita, halafu saa nane usiku ikasogea urefu wa magari matano. Usipowasha gari ndani ya dakika moja au mbili, mtu anachomeka mbele yako. Akichomeka mmoja wanachomeka watatu, na waliokuwa nyuma yako wanakujia juu kwa sababu umewapotezea nafasi. Dereva mpya akishafanyiwa hivyo mara moja halali tena kitandani. Analala amekaa, viatu miguuni, paji la uso kwenye usukani, akishtuka kila honi inapolia. Juu ya hapo kuna wezi. Wapo wanaonyonya mafuta, wapo wanaofungua betri, wapo wanaochana turubai. Kijana huyu alikuwa anashuka kila baada ya muda kulizunguka gari na tochi, peke yake, kwa sababu kampuni siku hizi hairuhusu taniboi, yaani msaidizi wa dereva.

Wakongwe wanalala. Mimi nililala foleni za Kasumbalesa miaka yote hiyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini naweza. Jibu ni kwamba nilikuwa na watu. Mbele yangu alikuwepo ninayemjua, nyuma yangu vilevile, na nilijua foleni ikisogea kweli mtu atagonga mlango: "Suka, twende!", yaani dereva, twende. Hayo yalitengenezwa na miaka ya kula sufuria moja kando ya barabara. Mgeni hana mtu wa kumgongea, na kwa aibu hawezi kuomba. Siku nne za Kasumbalesa alikuwa anakula chipsi na vinywaji vya kuongeza nguvu, huku jiko na unga wake vikiwa kwenye boksi pembeni ya tela, kwa kuwa kupika kulimaanisha kushuka na kukaa na watu asiowajua.

Yapo na mengine yaliyomla akili bila yeye kujua. Kongo wanaendesha upande wa kulia, na gari letu usukani uko kulia. Ukitaka kulipita gari la mbele huoni kitu, taniboi ndiye angekuwa jicho lako. Siku tano za kuishi hivyo, halafu unavuka unarudi kushoto. Kwenye mzunguko wa barabara wa kwanza upande wa Zambia aliingia kwa mkono wa Kongo, akastuliwa na honi ya pikapu. Alinieleza hilo kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Nikamwambia limewahi kunipata na mimi, na ni kweli.

Kuna na nyumbani. Mke wake ana mtoto wa miezi mitano. Zambia na kusini-mashariki ya Kongo saa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mama mtoto akipiga saa nne usiku baada ya kumlaza mtoto, huku ni saa tatu, wakati ule ule anaojaribu kuiba usingizi. Akipokea, amekatika usingizi. Asipopokea, kuna ugomvi, maana sifa za madereva na Tunduma kila mtu anazijua. Alikuwa anapokea. Mara tatu zimo kwenye ile karatasi yake: "Simu ya nyumbani."

Ujumbe wa jioni ile

Tunduma saa moja na nusu jioni alipata ujumbe wa ofisi. Ameuhifadhi, nimeusoma: "Meli imeshatia nanga. Mzigo wako upo. Kesho jioni uwe yadi."

Nilikwenda kwa ofisa aliyeuandika. Ni mtu mwema, na alishangaa kweli. Akasema ile ilikuwa taarifa tu, kwamba kama dereva amechoka angesema. Namwamini. Namwamini na kijana pia, aliyeusoma kama amri. Dereva wa miezi mitatu, ambaye ameona wenzake wawili wakiambiwa waache funguo, hawezi kumjibu ofisa kwamba nimechoka. Hana pa kusimamia. Na posho yake ya safari ni ya mkupuo: kila siku ya foleni aliila kutoka humo humo, kwa hiyo alipofika Tunduma mfukoni kulikuwa na hela ya mlo mmoja. Kuchelewa kungemlaza njaa.

Sasa fanya hesabu aliyopaswa kuifanya ofisa. Lori mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, vijijini 50, na vijiji vya njia ile havina mwisho. Mizani ya Mpemba, Uyole, Makambako, Wenda na inayofuata, hata ukiwa tupu. Kilomita 50 za hifadhi ya Mikumi ambazo unapita kwa adabu kwa sababu ya wanyama. Mtu anayetoka Tunduma saa nne usiku hafiki Dar kesho yake jioni bila kuendesha usiku mzima na mchana mzima. Ujumbe wa maneno kumi ulikuwa umeshaamua kwamba kijana halali.

Akanywa vinywaji viwili vya kuongeza nguvu, akaondoka. Nakonde kuna dereva alimpa mirungi akaikataa, na hilo nalitaja kwa heshima yake. Lakini kinywaji na mirungi vina kazi moja, vinakuficha usione deni. Deni lenyewe linabaki pale pale.

Na likadai saa kumi alfajiri, kama linavyodai kwa watu wengi. Mwili una saa yake, na kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri unazama kabisa, hata kwa aliyelala vizuri jana yake. Watafiti waliopima watu waliokesha saa 17 waliwakuta wakichelewa kuitikia sawa na mtu aliyekunywa pombe hadi kufikia kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza kushika usukani. Kijana huyu alikuwa macho tangu saa kumi na moja asubuhi ya jana yake, yaani saa 23, juu ya deni la wiki mbili. Gari tupu nalo linabembeleza: halina mlima linaoulalamikia, gia hubadilishi, barabara baada ya Chimala imenyooka. Kwenye mwendo wa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne umeendesha karibu mita 90 bila dereva. Kokoto zile ndizo zilizomwamsha. Kama gari lingelalia kulia badala ya kushoto, kisa hiki kingeandikwa na askari wa usalama barabarani.

Sehemu yangu

Nilipoirudia daftari yangu ya mafunzo niliumia. Kijana alikaa kwangu siku nane kabla ya kupewa safari. Mizani nusu siku, turubai na kamba nusu siku, nyaraka za transiti na mpaka siku nzima, breki na mlima siku mbili, na mengine ya namna hiyo. Usingizi: sifuri. Neno pekee nililowahi kuwaambia wapya ni "ukisikia usingizi, paki." Ni sawa na kumwambia mtu ukisikia umezama, toka majini. Anayesinzia hajui kwamba anasinzia. Huyu aligundua macho yamefumba alipoyafumbua.

Tena ushauri ule unaanzia mahali ambapo mambo yameshaharibika. Kilichomwangusha huyu karibu na Igawa kilianza Kasumbalesa. Marekani dereva wa lori akishaanza kazi ana dirisha la saa 14, na saa hizo zinaendelea kuhesabiwa hata gari likiwa limesimama ghalani likisubiri kushushwa. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba kusubiri ni kazi. Sisi tunaipima kazi ya dereva kwa kilomita, na foleni haina kilomita.

Nilikwenda ofisini na ile karatasi ya usiku 18 na maombi matatu. Nilikubaliwa mawili. Dereva asiyefikisha miezi sita haendeshi kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, iwe ana mzigo au hana. Na ofisa akimpigia aliyevuka mpaka, swali la kwanza ni "umelala saa ngapi?", habari za meli baadaye. La tatu, posho ya siku za foleni, lilikataliwa. Nitalirudisha, kwa sababu bila hilo njaa itaendelea kuwasukuma.

Kwa madereva wenyewe nimebadilisha mafunzo. Nawafundisha foleni kama ninavyowafundisha Kitonga. Ukifika, kabla hujazima gari, shuka ukasalimie wa mbele na wa nyuma, uwajue majina, uwaambie kwenu wapi. Pika jioni ya kwanza, hata kama huna njaa, maana sufuria ndiyo inayokuunganisha na watu. Mpangiane zamu ya kukesha ya saa tatu tatu, anayekesha agonge tu foleni ikisogea kweli, na azunguke magari yote na tochi. Mchana, wakala wa forodha akiwa na karatasi zako, ziba vioo kwa kanga ulale. Ongea na mama watoto kabla hujaondoka mkubaliane saa ya simu, kwa saa ya Tanzania, na nje ya saa hiyo asiwe na wasiwasi. Na ukishavuka mpaka, usiondoke. Hapa ndipo tunapokosea sote: geti likifunguliwa moyo unachangamka, unajisikia mzima, unataka kukata kilomita ulizozikosa. Tafuta sheli ya kwanza yenye mlinzi, paki, lala saa sita. Barabara ndiyo ifuate.

Siku ile ya simu sikumbishia kuhusu kuacha kazi. Nilimwuliza yuko upande gani wa barabara, ameweka matawi mbele na nyuma ya gari, ana maji. Nikamwambia apande kitandani, avue viatu, azime simu, mimi nitaongea na ofisi. Alilala mpaka saa nane mchana. Alifika Dar siku mbili baadaye, na mzigo wake ulikuwa umepewa mwingine. Alikaa yadi siku nne bila safari, maana yake siku nne bila posho. Hilo lilimuuma, na mimi liliniuma, na sijui namna ya kumwambia dereva mpya kwamba usingizi hauna gharama wakati nimeona gharama yake.

Safari ya nne aliikubali mwenyewe. Nilimpa daftari dogo la mistari aandike kila usiku. Kasumbalesa alikaa siku tano, na usiku wa tatu anaandika kwamba amekula ugali na kapenta na watu wa gari mbili za mbele, mmoja ni wa Kilosa. Siku ya kurudi, ofisi ilimpigia akiwa Tunduma, akasema amelala saa mbili tu, akaambiwa lala. Kesho yake usiku akanitumia picha ya ukurasa. Mwandiko umelala upande, inaonekana aliandikia gotini:

"Makambako. Saa 6 usiku hadi 11 alfajiri. Saa 5. Hakuna kilichoniamsha."